Sura ya Sita: Nipe Mji

Skrini inaonyesha jiji kutoka juu, limekuwa la kijivu, na ndani yake vidoa vyeupe vinatembea. Kila kidoa ni mtu. Kapteni Martin Walker ameinamia kompyuta mpakato akielekeza mzinga, na pedi iko mikononi mwangu. Muda mfupi kabla ya hapo Sajenti Lugo amempinga. Mzinga ule umejaa fosforasi nyeupe, kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa na kuendelea kuunguza nyama mpaka ikose oksijeni, na askari hao wameshaona kwa macho yao inavyomfanya binadamu. Lugo anasema siku zote kuna njia nyingine. Walker anamjibu kwamba safari hii haipo. Ilikuwa usiku, nilikuwa peke yangu sebuleni, na nakumbuka nilimuunga mkono Walker kwa sauti: "Hakuna njia." Kisha nikaanza kupiga.

Vidoa vilikimbia, vikaanguka, vikatulia. Mwishoni likabaki kundi kubwa lililobanana sehemu moja, halikimbii. Nililipiga nalo, kwa sababu katika gemu za vita kidoa kilichobaki hupigwa. Muda wote huo uso wa Walker ulikuwa ukionekana kwenye kioo cha kompyuta, umeelea juu ya moto, ila sikuutilia maanani. Nilitegemea gemu inisukume haraka hadi hatua inayofuata, kama nilivyozoea. Badala yake ilinishusha nipite kwa miguu katikati ya kazi yangu. Askari wanatambaa, wengine wanalia wamalizwe. Mbele yao kuna raia. Lile kundi lililobanana lilikuwa watu waliohifadhiwa pale na askari wale wale niliokuwa nikiwachoma. Mama mmoja amekufa akiwa amemkumbatia mwanawe, kiganja kimeziba macho ya mtoto.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi tangu usiku ule. Kwamba Walker ana hatia, hilo halinisumbui, liko wazi. Kinachonisumbua ni kile mtu anachokifanya na ukweli wa aina hiyo baada ya kuujua. Na sisi tulioshika pedi, tunapofikishwa kwenye mwisho wenye utata, tunautafuta ukweli au tunautafutia pa kuuficha?

Sauti ya redioni

Gemu yenyewe ni Spec Ops: The Line, iliyotengenezwa na kampuni ya Yager ya Berlin na kutolewa mwaka 2012. Ukiitazama juu juu ni kama nyingine nyingi za miaka ile: Wamarekani watatu wenye bunduki katika nchi ya joto na vumbi. Dubai imefunikwa na dhoruba za mchanga. Kanali John Konrad alijitolea kubaki na batalioni yake ya 33 ili kuwaokoa wakazi, akakaidi amri ya kuondoka, na mawasiliano yakakatika. Miezi sita baadaye Walker anatumwa pamoja na Lugo na Luteni Adams. Kazi yao ni ndogo sana: watafute manusura, watoe taarifa kwa redio, waondoke.

Hawaondoki. Kila sura ya gemu inampa Walker sababu ya kusogea hatua moja zaidi, na kila hatua inawaua watu ambao wasingekufa kama angetii amri aliyopewa. Kisha inakuja fosforasi. Muda mfupi baada ya kuwaona mama na mtoto, Walker anaokota redio ndogo, na ndani yake anaisikia sauti ya Konrad. Konrad anamkejeli, anampa mitihani, anamwekea mitego. Tangu hapo Walker ana adui. Kila kibaya kinachotokea kimepangwa na mtu mwingine, na kumfikia mtu huyo kunakuwa ndiyo haki.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa watu wawili walioning'inizwa barabarani. Mmoja ni raia aliyeiba maji, mwingine ni askari aliyetumwa kumkamata akaishia kuiua familia yake. Sauti ya redioni inamtaka Walker achague nani afe. Mchezaji anahangaika: nimpige mwizi, nimpige askari, nizipige kamba, au niwapige walenga shabaha wanaotutazama? Mwisho wa gemu tunaonyeshwa barabara ile ile bila pazia, na waliokuwa wakining'inia ni maiti, tena za siku nyingi. Hapakuwa na mtihani wala mtahini. Redio ilikuwa mbovu. Konrad alikuwa amejiua kabla Walker hajaisikia sauti yake kwenye redio ile hata mara moja.

Kiswahili kina neno kwa vitu hivi anavyoviona mgonjwa wa homa kali: maluweluwe. Lakini maluweluwe ya homa hayana mpangilio. Ya Walker yana kazi maalumu. Yalianza pale pale alipotakiwa kusema "nimewaua mimi", na kazi yao ni kuhakikisha hasemi.

Msuto

Juu ya mnara mrefu kuliko yote jijini, Walker anamkuta Konrad akichora picha kubwa. Ni picha ya mama na mtoto wake, wameungua. Dakika chache baadaye anaukuta mwili wa Konrad wa kweli kitini, umekauka. Yule aliyekuwa akichora anatokea tena kwenye kioo, anamrudishia Walker safari nzima tendo kwa tendo, kisha anainua bastola na kuhesabu hadi tano.

Watu wa mwambao wataitambua sura ya tukio hilo. Mtu aliyesema neno baya nyuma ya watu akaletwa mbele ya watu, na neno lake likarudiwa mbele yake, huyo amesutwa. Msuto hauhitaji hakimu. Hauulizi sheria inasemaje. Nguvu yake ni kwamba unasikia maneno yako mwenyewe kutoka kinywa kingine, na macho yote yako kwako. Ndiyo maana lugha yetu haiishii kwenye kusema mtu amekutwa na hatia. Husema pia dhamira yake inamsuta. Hatia mtu hupewa na wengine, mahakamani, kwa ushahidi, na anaweza kuikatia rufaa. Majuto huja yenyewe, na wahenga walituambia huja mwishoni. Kusutwa na dhamira kuko katikati ya hivyo viwili: ni kesi ambayo mshitaki, shahidi na mshitakiwa wote wana uso mmoja. Watengenezaji wa gemu hii hawakulijua neno hilo, lakini kioo chao kimelichora vizuri kuliko tafsiri yoyote.

Kutoka hapo kuna miisho minne. Walker akijielekezea bastola, au akiacha hesabu iishe, anakufa mnarani. Akiipiga sura ya Konrad, kioo kinavunjika, naye anaita msaada kwa redio. Baada ya muda askari wa Marekani wanafika na kumkuta amekaa, amevaa sare ya Konrad, bunduki mkononi. Anaweza kuiweka chini akapelekwa nyumbani. Anaweza kuwafyatulia risasi akauawa. Anaweza kuwaua wote, akachukua redio yao na kuwakaribisha Dubai wanaosikiliza upande wa pili, kwa sauti tulivu ya mwenye nyumba. Hata ule mwisho wa kurudi nyumbani hauna faraja: garini askari mmoja anamuuliza aliwezaje kunusurika, na jibu la Walker linatia shaka kama kweli alinusurika.

Wanaotaka jibu

Kwa zaidi ya miaka kumi wachezaji wamekuwa wakibishana kuhusu miisho hii. Mwandishi mkuu wa hadithi, Walt Williams, aliongeza kuni motoni. Alieleza kwamba skrini ikififia kuwa nyeusi, tulichokiona kimetokea kweli. Ikififia kuwa nyeupe, Walker anajidanganya au anaota. Alisema pia kwamba inawezekana kuisoma hadithi yote kana kwamba Walker alikufa katika ajali ya helikopta inayofungua gemu, na yanayofuata ni adhabu ya marehemu. Ushahidi upo: tunapoifikia tena ajali hiyo baadaye, Walker anashtuka na kusema hili wameshalipitia. Basi watu waliianza gemu upya, wakahesabu kila mpito mweupe na kila mweusi. Mhakiki wa Australia, Brendan Keogh, aliandika kitabu kizima kuhusu gemu hii moja mwaka huo huo wa 2012.

Naiheshimu kazi hiyo ya kuhesabu, na nimeifanya mwenyewe kwa daftari na kalamu. Ila siku moja nilijishtukia. Nilikuwa nimefurahi kugundua kwamba huenda Walker alikuwa maiti tangu mwanzo, na nikajiuliza furaha ile imetoka wapi. Ilitoka hapa: kama alikuwa maiti, basi yule mama hakuungua. Nami sikumuunguza.

Tofauti ya kitendawili na msuto inanisaidia kuliona kosa langu. Kitendawili kina jibu moja, na anayetega analijua. Ukishindwa, unaombwa mji. Unautoa, mwenzako anajifanya ameutembelea akala na kunywa, kisha anakufungulia. Mchezo umeisha, mnacheka, kinategwa kingine. Msuto hauna jibu la kufunguliwa. Ulichokifanya kinajulikana tangu mwanzo, na kilichobaki ni utakisimamia vipi. Anayeuchukulia mwisho wa Spec Ops kama kitendawili anafanya kile kile alichokifanya Walker kwa redio mbovu: anatafuta maelezo ya ajabu ili asikae na jambo la kawaida na la kutisha lililoko mbele yake. Mwanga mweupe unaweza kuonyesha ni wapi Walker alijidanganya. Hauwezi kumfufua mtu.

Jeraha la dhamira

Wanaotibu askari wa kweli waliifikia tofauti hii kwa njia ngumu. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza katika mwongozo wao rasmi ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, kwa kiasi kikubwa kwa shinikizo la waliorudi kutoka Vietnam. Picha iliyozoeleka ya ugonjwa huo ilikuwa ya hofu: mtu aliyenusurika kifo, mwili ukakataa kuamini kwamba hatari imepita. Lakini Jonathan Shay, daktari aliyewatibu wapiganaji wa zamani wa Vietnam mjini Boston, aliwasikia wakizungumzia kitu kingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1994, alichokiandika akiwalinganisha wagonjwa wake na Akilesi wa Homer, alieleza jeraha linalotokana na kusalitiwa kwa lililo haki na mwenye mamlaka, wakati maisha ya watu yako hatarini. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Rachel MacNair aliandika kuhusu kiwewe cha mtendaji, yaani kiwewe kinachompata aliyeua. Mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakaipanua dhana ya Shay: linajeruhi pia tendo ulilolifanya mwenyewe, au ulilolishuhudia, au uliloshindwa kulizuia, likavunja maadili unayoyaamini kwa dhati. Nitaliita jeraha la dhamira.

Jeraha la hofu hutibika pale mgonjwa anapojifunza kwamba hatari imeisha. Jeraha la dhamira halisikii maneno hayo. Ukimwambia mtu "halikuwa kosa lako" naye anajua lilikuwa lake, umemwongezea upweke. Litz na wenzake walibuni tiba ambayo sehemu yake ni mazungumzo ya kufikirika. Mgonjwa humleta mawazoni mtu anayemheshimu na anayemtakia mema, pengine kamanda wake wa zamani, akamweleza alichokitenda chote bila kupunguza, kisha akasema yeye mwenyewe anadhani mtu huyo angemjibu nini.

Sasa mtazame Walker na redio yake. Konrad aliwahi kuyaokoa maisha yake Kabul. Ni kamanda anayemheshimu kuliko wote. Walker naye anamleta mawazoni na kuzungumza naye safari nzima. Ana chombo kile kile cha tiba mkononi, ila amekishika kichwa chini miguu juu. Badala ya kumweleza Konrad alichokitenda, anamtwika. Ndiyo maana naona msuto wa mwisho una huruma ndani yake, pamoja na ukali wake wote: ni mara ya kwanza mazungumzo hayo yanageuzwa yakakaa sawa.

"Sikuwa na njia"

Lipo pingamizi zito, nami nataka kulitendea haki. Wachezaji wengi waliikasirikia gemu hii. Walisema: mmenilazimisha. Pale kwenye mzinga, ukijaribu kupigana kwa bunduki tu, maadui hawaishi na utauawa tena na tena. Itakuwaje mnifungie milango yote isipokuwa mmoja, halafu mnisute kwa kuupita? Watengenezaji walidokeza kwamba mlango mwingine ulikuwepo: kuzima mashine. Jibu hilo halinitoshi. Mtu amenunua gemu ili aicheze, na kumwambia asiicheze ni kumkimbia.

Hata hivyo pingamizi lenyewe limebeba kitu. Maneno ya mchezaji aliyekasirika, kwamba hakuwa na njia, ni maneno ya Walker kwa Lugo, neno kwa neno. Gemu haiwezi kunipa hatia ya kuua. Hakuna aliyekufa sebuleni kwangu. Kilichowezekana ni kunifanya nitamke sentensi ile kwa kinywa changu, kwa wepesi, bila kutafuta mlango kwanza. Na pale milango ilipokuwepo kweli, sikuitafuta. Lugo anaponyongwa na umati wenye hasira, nilifyatua risasi kwenye watu. Baadaye sana nikajua kwamba ningepiga hewani wangetawanyika. Hakuna maandishi yaliyonizuia wala kuniongoza. Mazoea yangu tu ndiyo yaliyokuwa yameshika pedi.

Ipo gemu nyingine inayolifikisha jambo hili bila kufunga milango. This War of Mine ilitolewa mwaka 2014 na 11 bit studios ya Warsaw, na ilichota kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo, siku 1,425 kati ya 1992 na 1996. Humo hakuna kapteni. Unawatunza raia wachache ndani ya nyumba iliyobomoka, wana njaa na baridi, na usiku unamtuma mmoja akatafute chochote. Kuna nyumba moja wanamoishi wazee wawili, mume na mke, wenye chakula na dawa. Hawana silaha. Unaweza kuwaibia, na hawana la kukufanya zaidi ya kukusihi. Unaweza pia kurudi mikono mitupu kwa mgonjwa wako. Ukiiba, asubuhi mwizi hali, anakaa sakafuni, na wenzake wanaanza kusononeka pamoja naye. Vita vinapoisha, kila mmoja anasomewa maisha yake ya baadaye, na yapo ambayo hayakupona. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari, na nadhani walifanya vizuri. Kijana anayejadili darasani kwa nini aliwaibia wazee wale, mbele ya wenzake waliofanya tofauti, ameingia kwenye msuto wa salama. Anajifunza kusimamia tendo kabla tendo halijawa la kweli.

Mji uliotolewa

Limebaki jambo ambalo Spec Ops yenyewe haikusutwa nalo na dhamira yake. Jina la Konrad si la bahati. Linatoka kwa Joseph Conrad, aliyesafiri kwa meli ya mvuke katika mto Kongo mwaka 1890 hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, na baadaye akaandika Heart of Darkness, iliyochapishwa kwanza mwaka 1899. Hadithi ile nayo inaishia kwenye utata wa hatia: msimulizi wake anamdanganya mchumba wa mhusika aitwaye Kurtz kuhusu neno la mwisho la marehemu, na msomaji anaachwa aamue kama uongo ule ulikuwa huruma au woga. Conrad alipofika Stanley Falls, Kiswahili kilikuwa kinasikika pale. Mwaka 1887 Tippu Tip wa Zanzibar alikuwa ameteuliwa gavana wa eneo hilo kwa niaba ya Mfalme Leopold. Lakini katika kitabu, watu wa mto hawana majina, na karibu hawana maneno. Mwaka 1975, katika mhadhara wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Chinua Achebe alililalamikia hilo: bara zima na watu wake wamefanywa pazia la nyuma ili akili ya Mzungu mmoja ipate pa kuporomokea.

Lalamiko la Achebe linaigusa gemu hii moja kwa moja. Karibu kila mwenye jina ni Mmarekani. Wakazi wa Dubai wanakimbia, wanaungua, wanakosa maji. Katikati ya hadithi Walker anasaidia kuharibu akiba ya mwisho ya maji ya jiji, na gemu inakazia macho uchungu wake kuliko kiu yao. Falme za Kiarabu ziliipiga marufuku. Kwetu, Dubai ni mahali anapofanya kazi dada wa mtu, mahali mfanyabiashara wa Kariakoo anapofuata mzigo. Kuiona imegeuzwa kioo cha dhamira ya mgeni kunauma kwa namna ambayo huenda Berlin haikuifikiria.

Lakini uchungu huo unanirudisha kwenye kitendawili. Anayeshindwa hutoa mji, na katika baraza la bibi ni mji wa maneno tu, kesho upo pale pale. Walker alitaka jibu lolote lingine badala ya lile alilokuwa nalo, na kwa kila jibu la uongo alilopata redioni mji wa watu uliliwa: barabara moja, kisha maji, kisha wote. Ndiyo bei ya kuifanya hatia yako kitendawili. Huilipi wewe.

Januari 2024 Spec Ops iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni kwa sababu ya vibali vilivyokwisha muda. Nakala yangu bado ipo. Mara ya mwisho nilipoifungua sikuhesabu mipito ya mwanga. Nilifika pale kwenye mzinga, vidoa vikakusanyika, na kwa mara ya kwanza niliutazama uso ulio kwenye kioo badala ya shabaha. Ilinibidi nipige, gemu hairuhusu vinginevyo. Safari hii sikumjibu Lugo kitu.